Msumeno wa Ntiruhungwa

Bazilio wa Titye alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi na mjukuu wa mhunzi. Karibu kila chuma kilichokuwa nyumbani kwake kilikuwa kimepita kwenye fuawe ya ukoo wao, isipokuwa vile vilivyolala ndani ya sanduku la daktari wa kijeshi wa Kijerumani. Sanduku hilo lilikaa darini tangu kabla baba yake hajazaliwa. Lilikuwa la mbao ngumu, pembe zake zimevikwa shaba. Ukilifungua ulikuta mahameli ya zambarau, mende wameitafuna hapa na pale, na kila kifaa kimelala katika kishimo chake: visu virefu vya kukatia nyama, vibano vya mishipa, koleo la kuchomoa risasi, sindano zilizopinda, na chombo cha shaba chenye skrubu na ukanda, cha kukazia paja ili damu isimwagike. Kila kimoja kilipigwa mhuri wa aliyekitengeneza, taji dogo, jina refu la Kizungu, na neno Berlin.

Kila kimoja, ila msumeno. Msumeno ulikuwa wa babu yake.

Habari zake Bazilio alizipata kwa baba yake. Katika vita ile ya kwanza, Wabelgiji walipoteremka kutoka Burundi na Wajerumani wakaanza kurudi nyuma kuelekea Tabora, daktari wa askari alipiga hema karibu na Titye akiwa na majeruhi wengi kuliko machela. Msumeno wake ukakatika katikati ya mfupa wa mtu. Wakakimbia kwa mhunzi wa karibu, Ntiruhungwa, jina ambalo kwa Kiha ni kusema kifo hakikimbiwi, wakamtupia vipande viwili miguuni na kumwambia afue mwingine jua halijazama. Hakuwa amepata kuona msumeno wa mifupa maishani mwake. Alivigeuza vile vipande, akachukua upanga wa askari aliyekwisha kufa, akauweka motoni, akaufua mwembamba, akachonga meno yake moja moja kwa tupa. Mpini akautia wa pembe ya ng'ombe. Daktari akautumia mpaka homa ilipomwua yeye mwenyewe, na wenzake wakaondoka kwa haraka bila sanduku lake; likabaki kwa Ntiruhungwa.

Hiyo ndiyo hadithi Bazilio aliyolelewa nayo, na aliipenda kama watu wengine wanavyopenda shamba la urithi.

Mwanawe Hatungimana hakuipenda hivyo. Alikuwa mtu mzima wa miaka kama thelathini, mwenye mabega ya kupiga nyundo kubwa, na ndiye mtoto pekee aliyemsalia Bazilio baada ya mama yake na dada zake kufariki. Alikuwa akimwambia baba yake kwa upole, kisha kwa ukali, kisha tena kwa upole: "Baba, majembe ya kiwandani yamejaa soko la Kasulu. Nani atakuja kufuliwa jembe? Tuuze lile sanduku, tununue mashine ya kuchomelea, tufungue karakana mjini. Watu wanataka mageti na madirisha."

Mzee alikataa mwaka mzima. Mwaka 2014, masika yalipoanza na kibanda cha uhunzi kikavuja kila upande bila mteja hata mmoja, akakubali. Akatoa sharti moja tu: atakayelinunua aambiwe nani aliufua ule msumeno.

Mnunuzi alipatikana kupitia Nurudini, mfanyabiashara wa Kasulu mwenye asili ya Ujiji, aliyeuza magodoro na vitenge mbele ya duka, na nyuma yake akakusanya vitu vya kale: rupia za Mjerumani, beji za askari, taa za meli. Alimjua Mzungu mmoja aliyekuwa Kibondo kwa kazi ya misaada, karibu kurudi kwao, mpenzi wa vifaa vya tiba vya kijeshi. Asubuhi ya safari ya Kibondo, Bazilio na mwanawe wakiwa dukani kwake, Nurudini alilifungua sanduku juu ya meza, akavipitia vifaa polepole kwa kitambaa laini, na alipoufikia msumeno akauinua, akautenga pembeni.

"Huu tuutoe, mzee wangu," alisema.

"Tuutoe kwa nini?"

"Hauna mhuri. Mzungu ananunua mhuri. Akiona kifaa kisicho na mwenyewe katikati ya hivi, atasema sanduku limechezewa. Fundi wake hajulikani."

"Anajulikana. Anaitwa Ntiruhungwa."

"Kwenu anajulikana, mzee. Kwenye vitabu vyao hayumo."

Bazilio akamgeukia mwanawe, akitegemea kupata shahidi. Hatungimana alikuwa ameegemea rundo la magodoro, amechoka kabla ya safari kuanza. "Baba," akasema, "mwache Nurudini afanye biashara anayoijua. Ni kipande cha chuma tu."

Mzee aliuchukua ule msumeno, akaurudisha kwenye kishimo chake, akafunga sanduku na kulikumbatia. "Nitakwenda Kibondo mimi mwenyewe," alimwambia Nurudini. "Nitamweleza huyo Mzungu kwa kinywa changu. Asipoutaka, narudi nao."

Gari la Nurudini lilikuwa pikapu kuukuu, na mbele walienea watu watatu wakibanana. Hatungimana alipofungua mlango aingie, Bazilio aliliweka sanduku kwenye nafasi ile.

"Hapa pamejaa," alisema bila kumtazama. "Panda nyuma."

Hatungimana akapanda nyuma, akajifunika turubai.

Mvua iliwakuta walipopita Makere. Haikuwa mvua ya kutisha hapo walipokuwa. Iliyotisha ni ile iliyoonekana milimani upande wa kulia, wingu jeusi limekalia vilele kama jiko lililofukiwa. Barabara iligeuka tope la rangi ya ugoro. Wakafika kwenye kijito ambacho wakati wa kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowesha magoti, na juu yake daraja la magogo. Upande wa pili basi dogo lililotoka Kibondo lilikuwa limesimama, abiria wameshuka, wanalitazama daraja kwa mashaka. Mmoja wao alipunga mikono. Nurudini alidhani anawaita.

Gurudumu la nyuma lilipolikanyaga gogo la tatu, gogo lile likazama. Gari liliinama taratibu, taratibu kiasi cha mtu kuweza kusema "Ee Mungu" na kumaliza, kisha likateleza na kulala ubavu ndani ya kijito, matako yake yamekwama kwenye gogo na pua imezama topeni. Bazilio alijikuta juu ya Nurudini, kioo kimewamwagikia. Walitoka kwa dirisha. Nurudini alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto uliovunjika, na huku analia alilivuta sanduku kwa mkono wa kulia akalitupa ukingoni, kama watu wanavyookoa kitu chochote kilicho karibu bila kujua kwa nini.

Ndipo Bazilio alipomsikia mwanawe.

Hatungimana alikuwa ameketi ndani ya maji, mgongo wake kwenye kingo, maji yakimfika kitovuni. Mguu wake wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umeingia kati ya chuma cha gari na gogo la daraja. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akisema "baba, baba, baba," kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtu.

Abiria wa basi waliingia majini bila kuombwa. Wanaume walilishika gari, wakahesabu, wakanyanyua. Gari likainuka kidogo, tope likaachia pua, na uzito wote ukarudi kulikandamiza lile gogo. Safari hii Hatungimana alipiga kelele kweli, na watu wakaliachia wakatazamana. Walijaribu kwa magogo ya kubenulia. Walijaribu kuchimba chini ya mguu kwa mikono na kwa sufuria, lakini chini yake palikuwa jiwe. Kila walipoligusa, gari lilimvuta Hatungimana ndani zaidi. Simu zote ziliinuliwa juu na hakuna iliyoshika mtandao. Kijana aliyetokea na pikipiki nyuma yao akatumwa kurudi Makere atafute trekta.

"Trekta lipo?" Bazilio aliuliza.

"Lipo la mtu mmoja wa biashara ya mbao," alijibiwa. "Kama hajalipeleka porini."

Miongoni mwa abiria alikuwamo mwanamke wa Kikongo, Marguerite, mnene, mwenye kitenge cha bluu. Alikuwa anarudi Nyarugusu, kambini, anakoishi tangu vita vilipomfukuza Fizi, na huko kwao alikuwa muuguzi katika chumba cha upasuaji. Aliingia majini na nguo zake, akapiga magoti mbele ya Hatungimana, akapitisha mkono chini ya maji kufuata mguu. Alikaa hivyo muda, macho ameyafumba. Alipoutoa mkono, alichukua kijiti, akakichomeka kwenye tope ukingoni, pale maji yalipofikia.

Hakumwambia mtu maana yake, lakini wote walielewa, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa akitazama kitu kingine. Maji yalikuwa yamebadilika rangi. Yalishuka kutoka milimani mekundu, na majani, na matawi mabichi. Kijiti kikazama nusu. Kikazama chote. Marguerite akachomeka kingine juu zaidi, nacho kikaanza kupungua. Hatungimana alikuwa sasa ameloa hadi juu ya tumbo, midomo yake imegeuka rangi ya majivu, meno yanagongana.

"Papa," Marguerite alimwita Bazilio kando. "Hii maji inapanda. Ile mguu, mfupa imekwisha kuvunjika, nyama imekufa. Tukimukata tutamutoa. Tukingoja, sijui."

"Trekta linakuja."

"Pengine inakuja. Mimi sijaisikia."

"Umeshakata mtu wewe?"

"Nilishika taa, nilishika mguu, nilishona. Kukata, hapana. Daktari ndiye alikata." Aligeuza viganja vyake juu. "Na sina kitu. Niko na kisu ya kumenya muhogo."

Nurudini, aliyekuwa ameketi ukingoni na mkono wake umefungwa kanga ya mtu, aliyasikia. Alilivuta sanduku magotini, akabonyeza vifungo vya shaba, akalifungua mvua ikiingia juu ya mahameli.

"Chukueni," alisema. "Chukueni vyote."

Marguerite alivitazama vile vifaa, akafanya ishara ya msalaba. Kisha alikuwa mtu mwingine, alitoa amri. Kisu hiki, na hiki. Vibano vyote. Ukanda wa kile chombo cha shaba ulikuwa umeoza, ukakatika mkononi mwake kama karatasi, lakini skrubu yake ilizunguka, na Nurudini alivua mkanda wa suruali yake wakaupitisha pale. Abiria mmoja alikuwa na chupa ya gongo ndani ya mfuko, akaitoa kwa aibu. Wakamwagia visu, na kilichobaki wakamnywesha Hatungimana. Bazilio aliketi juu ya jiwe akanoa. Mikono yake ilijua kazi hiyo bila yeye. Kisu kikapita juu ya jiwe, kikageuka, kikapita. Alipomaliza visu akauchukua msumeno wa babu yake, akapapasa meno kwa kidole gumba. Yalikuwa makali bado.

Hatungimana aliviona vyuma.

"Data, mnataka kufanya nini?" Neno la nyumbani, baba kwa Kiha, lilimtoka lenyewe. "Data, msinikate. Trekta linakuja."

"Maji yanapanda, mwana wanje."

"Najua yanapanda. Nitainua kichwa. Nitavuta pumzi. Msinikate, baba. Mguu huu ndio ninaosimamia." Alimshika baba yake kwenye kola ya shati kwa mikono yote miwili. "Subirini kidogo tu. Baba, nakusihi. Kidogo tu."

Bazilio alimtazama Marguerite. Mama wa watu alikuwa amekaza macho kwenye kijiti.

"Mimi siwezi kusema mahali yako, papa," alisema. "Ni mtoto yako."

Bazilio alisikiliza barabara. Alisikiliza kwa mwili mzima, kama mwindaji. Akasikia mvua, maji, mtoto mchanga wa abiria analia ndani ya basi. Hakusikia injini. Alitazama mlima, na wingu lilikuwa lile lile, jeusi, halijasogea. Kijiti cha pili kilibaki ncha. Akawaza: nikisubiri na maji yakamfunika, nitakuwa nimekaa hapa na vyuma mkononi nikimtazama mwanangu anakufa maji. Akawaza pia: ni mimi niliyesema panda nyuma. Mawazo hayo mawili yalimwingia pamoja, na hata baadaye hakuweza kuyatenganisha, wala kujua ni lipi lililoamua.

"Mshikeni," alisema.

Wanaume wanne walimshika. Walimpa kipande cha mti aking'ate kwa meno. Marguerite alikaza skrubu ya shaba juu ya paja mpaka mkanda ukazama ndani ya nyama, akachukua kisu, akainama hadi kidevu chake kikaloa. Alikata kwa kupapasa, maji yamefunika alichokuwa akikikata. Maji yakawa mekundu zaidi, kisha mkondo ukayachukua. Hatungimana alikuwa anatoa sauti ambayo Bazilio hakuijua, sauti isiyokuwa ya mtoto aliyemlea. Kisha Marguerite akainuka, mikono mitupu.

"Ule mfupa mdogo imevunjika yote. Huyu mkubwa imebaki kipande. Mimi nguvu sina. Nani ana nguvu?"

Wanaume waliokuwa ukingoni walitazama chini. Mmoja aligeuka akatapika. Bazilio aliingia majini na msumeno.

Alipiga magoti pale alipokuwa Marguerite. Yule mama alimshika mkono akauongoza chini ya maji mpaka meno ya msumeno yakagusa kigumu. "Hapa," alisema. "Usisimame, papa. Ukianza usisimame." Bazilio akavuta. Alihisi chuma kinauma, kinateleza, kinauma tena. Alifanya kazi na vyuma maisha yake yote na aliweza kuhisi kwa kiganja kilichokuwa kinatokea mwisho wa chombo. Siku ile alitamani viganja vyake vife. Alivuta tena, na tena. Katikati, ribiti iliyoshika mpini ikaachia, pembe ikamtoka mkononi ikaenda na maji. Akaushika msumeno kwa ubapa wake wenyewe, ukimkata vidole, akaendelea. Hakuomba Mungu. Alikuwa akisema tu, "Hora, mwana wanje, hora," kama alivyombembeleza akiwa na surua, mpaka kigumu kile kikaacha kuwa kigumu na Hatungimana akamjia kwa uzito wake wote kifuani.

Walimbeba juu. Alikuwa amezimia lakini anapumua. Marguerite alibana mishipa kwa vibano vya Mjerumani, akaviacha humo humo vikining'inia, akafunga kigutu cha mguu kwa kitenge chake cha bluu mpaka akabaki na gauni la ndani, na hakuna aliyemtazama kwa ubaya. Mtu mmoja alisema, "Ameokoka." Mwingine akasema, "Tumshukuru Mungu."

Kitenge kilikuwa hakijaloa damu bado, walipoisikia injini.

Trekta lilikuja kutoka Makere, jekundu, dereva wake amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, yule wa pikipiki mbele yake akipiga honi kwa furaha. Dereva hakuuliza mengi. Alirudisha nyuma hadi ukingoni, akashuka, akafunga nyaya kwenye gari la Nurudini, akapanda, akavuta. Gari liliinuka kutoka kwenye lile gogo kama jino la mtoto. Halikuteleza. Likapanda ukingoni likasimama, maji yakitiririka milangoni.

Yule dereva alitazama nyuso za watu moja moja, kisha akamwona mtu aliyelala chini, na kitenge, akauvua ule mfuko kichwani.

Bazilio alikuwa amesimama mahali pale pale, majini. Kijiti cha pili cha Marguerite bado kilionyesha ncha. Alikitazama. Alikitazama wakati wanampakia mwanawe kwenye tela la trekta, alikitazama wakati Marguerite anamwita, "Papa, tuende, papa!" Ncha ile haikuzama. Juu mlimani wingu lilikuwa limeanza kuchanika, na nyuma yake palionekana samawati.

Hospitalini Kasulu walimkata tena, juu ya goti, kwa vifaa visafi na dawa ya usingizi. Alishikwa na homa kali, wakadhani watampoteza, kisha homa ikamwachia. Bazilio alimwuliza daktari kama mguu ule ungepona. Daktari alikuwa mtu mwungwana. Alisema asingeweza kujibu, kwani hakuuona kabla. Huenda ungekatwa hata hivyo, huenda la. Bazilio akamshukuru, akarudi kukaa kwenye mkeka kando ya kitanda.

Nurudini alikuja mkono wake umefungwa plasta. Alikuwa amefika Kibondo kwa gari la mtu. Mzungu alichukua sanduku lote, pamoja na vibano vilivyotolewa hospitalini, na zaidi ya yote alitaka msumeno, hata bila mpini; aliposimuliwa yaliyotokea aliushika kwa mikono miwili. Aliuliza jina la fundi, na Nurudini akamtajia herufi kwa herufi mpaka akaliandika sawasawa.

"Ntiruhungwa," alisema Nurudini. "Ameandika hivyo hivyo, mzee. Ulivyotaka."

"Ahsante," alisema Bazilio. Alingoja kuona kama moyo wake utasikia kitu. Haukusikia.

Nurudini akamvuta hadi varandani, akapunguza sauti. "Mzee, huyu kijana atauliza siku moja. Mwambie maji yalipanda yakapita pale kilipokuwa kichwa chake. Mimi nitasema hivyo. Wale wa basi wametawanyika, nani atakupinga?"

Marguerite naye alikuja, na kitenge kipya, na sahani ya wali iliyofunikwa. Hatungimana alikuwa amelala. Yule mama alikaa kwenye mkeka na Bazilio, mabega yakigusana, na Bazilio akamwuliza alichokuwa akitaka kumwuliza.

"Dada yangu, tulifanya sawa?"

Marguerite alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mimi pia sijui, papa," alisema. "Nalala na ile swali, naamuka nayo. Kama ile maji ingepanda, tungekuwa watu wazuri."

Hatungimana aliuliza siku chache kabla ya kuruhusiwa. Ilikuwa adhuhuri, wodi imejaa watu waliokuja kutazama wagonjwa, harufu ya maharage kila mahali. Alikuwa ameketi kitandani akiutazama ukuta uliokuwa mbele yake.

"Baba. Yale maji yaliishia wapi?"

Bazilio alikuwa na bakuli la uji mkononi. Maneno ya Nurudini yalikuwa tayari mdomoni, yamekaa kama peremende. Mwanawe aligeuza uso akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile kijitoni.

Mzee akaweka bakuli chini. Akanyoosha kiganja chenye makovu mapya kwenye vidole, akakigusisha kifua cha mwanawe, chini kidogo ya chuchu.

"Hapa," alisema.

"Trekta?"

"Lilikuja. Tulipomaliza kukufunga."

Hatungimana alikaa akikitazama kile kiganja mpaka Bazilio akakiondoa. Kisha alijilaza, akageukia ukutani, akavuta shuka hadi shingoni. Hakula mchana, hakula jioni. Kesho yake alikula alipoletewa na muuguzi, lakini si kwa mkono wa baba yake. Bazilio hakuhama kwenye mkeka. Watu wa vitanda vya jirani, waliozoea kuwaamkia wote wawili kwa pamoja, walianza kuwaamkia mmoja mmoja.

Siku ya kutoka, Hatungimana alipewa magongo. Alitembea wodini kwa hasira, akikataa kushikwa, na Bazilio alimfuata na fuko la nguo, hatua chache nyuma, asije akamwudhi kwa kuwa karibu. Walifika kwenye ngazi za nje. Zilikuwa zimelowa. Hatungimana aliteremsha gongo moja, likateleza, akaanguka kwa makalio kwenye saruji, gongo likabiringika hadi kwenye maua.

Bazilio aliachia fuko, akasimama, mikono imenyooka, hajui kama anaruhusiwa.

Hatungimana aliketi pale akihema, akiutazama ule mguu mmoja. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Watu walipita pembeni yao wakipanda na kushuka. Mwishowe akainua mikono yote miwili bila kugeuka.

Bazilio akainama, akaingiza mikono chini ya kwapa zake.

"Si kwapani," alisema Hatungimana. "Magongo yamenichubua. Shika kiunoni."

Bazilio akashika kiunoni.